Maswali ya Wasomaji: Droni nzito ziendazo na kurudi

SWALI: Nimeona droni kubwa ya mapanga sita ikipuliza dawa shambani Muheza. Mwanangu anashikilia kuwa ndiyo hiyohiyo inayopigana Ukraine. Kweli? Na kwa nini wasitumie ndogo za bei nafuu tu?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Mwanao hajakosea sana. Baadhi ya droni nzito za mwanzo kule zilikuwa za shamba, zikabadilishwa kazi. Ile ya Ukraine iitwayo Vampire hubeba hadi kilo 15. Warusi huziita Baba Yaga, na hapo “baba” si mzazi wako: kwa lugha yao ni bibi kizee, mchawi wa hadithi.

Ndogo nyingi hujilipua mara moja, basi. Nzito hushusha mzigo, hurudi, hubadilishwa betri na kuondoka tena. Tena si mabomu peke yake. Hupeleka maji, chakula na dawa kwa askari walio mahandakini, mahali ambapo gari haliwezi kusogea.

Kurudi ndiko kwenye hesabu. Chukua droni ya kilo 30, humo mzigo wa kilo 12 ukiwa umehesabiwa. Kwa kukadiria wati 170 kwa kila kilo, kuelea tu kunataka wati 5,100. Betri ya volti 44.4 na ampea-saa 40 ina wati-saa 1,776. Ukibakiza asilimia 20, unapata dakika 17 hivi. Ikishatua mzigo inabaki kilo 18, na hapo haili hata nusu ya umeme ule, kwa sababu mahitaji hupungua haraka kuliko uzito. Upepo nao huweza kuziangusha. Zikienda zikisukumwa na kusi, safari ya kwenda huonekana fupi. Wakati wa kurudi kusi lile lile liko usoni, na betri inakwisha njiani.

SWALI: Mbona huruka usiku?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Ni kubwa, zina kelele na haziendi mbio, kwa hiyo mchana ni rahisi kuzilenga. Usiku ardhi ikishapoa, kamera ya joto huonyesha mtu au injini waziwazi. Hata hivyo adui huvuruga mawimbi ya redio, au hutuma droni ndogo izigonge hewani.

SWALI: Plagi ya betri ya droni yetu ya shamba inapata moto mpaka inanuka plastiki. Betri ni mpya.
Mpulizaji dawa, Pangani

JIBU: Acheni kuirusha kwanza. Wati 5,100 kwa volti 44.4 ni ampea 115. Ukinzani (kizuizi cha umeme) mdogo wa miliomu 2 kwenye plagi hutoa joto la wati 26, sawa na pasi ya fundi redio, likiwa limefungiwa ndani ya plastiki. Huko pwani mwenye kosa mara nyingi ni chumvi ya hewani.

Chomoeni betri, mmulike tochi ndani ya plagi. Vidoa vyeusi ni alama ya cheche. Ukijani ni kutu ya shaba. Safisheni kwa spiriti na brashi laini. Msitumie msasa, utakwangua dhahabu ya juu na kutu itarudi haraka zaidi. Ikilegea, badilisheni pande zote mbili: ukiweka mpya upande mmoja, ule wa zamani utaiunguza.

Betri iliyovimba msiichaji kabisa. Iliyotoka kuruka ipoe kwanza, na ya kukaa siku nyingi ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si 4.2.