Usiangalie maji ya balasti peke yake

Umeuliza kama meli kubadili maji ya balasti (yale inayobeba ili iwe na uzito isiyumbe) katikati ya bahari kunatosha kuzuia viumbe wageni bandarini. Hapana ndugu yangu, hakutoshi, ndo maana mkataba wa IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ulioanza kutumika Septemba 2017 unataka maji yasafishwe hadi vibaki viumbe hai chini ya 10 kwa mita ya ujazo, wale wa maikromita 50 kwenda juu. Ila watu wanasahau tumbo la meli! Pale maji ya bahari yanapoingilia, nyuma ya nyavu za chuma, kome wadogo wanang'ang'ania na kusafiri salama kabisa. Ili uwajue waliofika, we anza kuning'iniza vibao vya plastiki gatini viumbe wajishikize hapo, baada ya miezi mitatu vitoe, vipige picha vikiwa bado vimelowa maana vikikauka rangi zinapotea.