Big ya mwaka 1988: bado inachekesha au imeshapitwa?

Mleta mada, umesema Jumamosi ulikaa na wanao mkaangalia Big ya Tom Hanks, ukasinzia kabla haijafika nusu, mkeo akachukizwa na ile habari ya mtoto kuwa na mpenzi mtu mzima. Halafu ukauliza: hawa wanaoisifia miaka yote hii wanaona nini? Nimesoma waliokujibu. Nusu wanasema huna ladha ya picha, nusu wanataka ifutwe kabisa. Mimi nina langu, ila ni refu, mnivumilie wakuu.

Kwa ambao hawajaiona: Josh Baskin ni mtoto wa miaka 12 huko New Jersey. Kwenye viwanja vya bembea anataka kupanda chombo kimoja kikubwa, tena msichana anayemzimia yuko palepale. Anapimwa kimo, anaambiwa mfupi, anatolewa kwenye foleni watu wakimwona. Anaondoka na hasira zake, anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya kubashiri iitwayo Zoltar, anaomba awe mkubwa. Asubuhi anaamka ana miaka 30. Mama yake akimwona anajua ni jambazi aliyemwiba mwanawe. Inabidi akimbilie New York, rafiki yake Billy akimsaidia, asubiri wiki kadhaa hadi ofisi ya serikali iwape orodha ya viwanja vya bembea ili waitafute ile mashine. Huku akisubiri anapata kazi kwenye kampuni ya midoli.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1997 Dar, kwa jirani mwenye deki. Mkanda ulikuwa umechoka, picha inapiga mistari, na Kiingereza tulikuwa hatujui hata mmoja wetu. Kaka wa mwenye deki ndiye alikuwa mtafsiri, na kile asichokielewa alikitunga. Alituambia Zoltar ni jini. Miaka mingi baadaye nikaiona picha yenyewe vizuri nikagundua hakuna jini popote, ila siwezi kusema alikosea sana. Josh anatazama nyuma ya mashine anakuta waya haujachomekwa kwenye umeme, na bado mashine imefanya kazi yake. Mzungu hapo anashtuka. Sisi watoto tuliotoka Muheza, kule Tanga, tulitikisa vichwa tu, tukaona mambo yanakwenda kama kawaida.

Sasa, nilikuwa na miaka 15 siku hiyo, na mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimeshushwa kwenye basi nikapelekwa Kariakoo kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja anayefahamiana na mjomba. Baba alikuwa amefariki, shule ikaishia hapo. Nilikuwa na miaka 14, na kuanzia siku ile watu wakawa wananiita "kijana wa dukani". Usiku wa kwanza nililala stoo juu ya marobota. Duka likafungwa kwa nje, kwa sababu ya wezi. Nje kulikuwa na mbwa, walevi, na mlinzi wa duka la pili aliyekuwa anakohoa usiku kucha. Nilikuwa sijawahi kulala chumba ambacho hakuna mtu mwingine anayepumua.

Ndiyo maana wenzangu walipokuwa wanacheka maeneo ya kinanda na mahindi, nitayafikia, mimi picha hii ilinikamatia kwingine. Kuna eneo la usiku wa kwanza wa Josh mjini. Billy amemwacha kwenye hoteli ya ovyo, kwa sababu Billy ni mtoto na lazima arudi kwao. Josh anafunga mlango, nje kunasikika kelele na milio ya risasi, anasukuma kiti mlangoni, anajikunja kitandani analia. Mwili ni wa mwanamume wa miaka 30, kilio ni cha mtoto. Hakuna utani wowote pale. Mwongozaji hakuweka hata kichekesho kimoja cha kutuponyesha. Wenzangu walinyamaza kidogo, mmoja akasema "steringi gani analia?" wakaangua kicheko. Mimi nilisingizia haja ndogo nikatoka.

Kwa hiyo unaposema picha haina lolote, nakuuliza hapo ulikuwa macho au ulishaanza kusinzia?

Mdau mmoja hapo juu ameandika kwamba hadithi zenyewe za namna hii ziko tele. Ni kweli. Mwaka 1987 na 1988 Hollywood walitoa picha kadhaa za aina hiyo karibu kwa pamoja, mtoto anaingia mwili wa mtu mzima, baba na mwana wanabadilishana. Nyingi zimesahaulika. Hii iliyotoka Juni 1988 ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake, na Penny Marshall akawa mwanamke wa kwanza kuongoza picha iliyofikia kiasi hicho huko. Hanks akateuliwa kugombea Oscar kwa mara ya kwanza, na hadithi waliyoandika Gary Ross na Anne Spielberg nayo ikateuliwa.

Tofauti yake na zile nyingine naiona kwenye uigizaji. Mtu mzima akiambiwa aigize mtoto, kwa kawaida anaigiza mjinga: analegeza midomo, anarukaruka, anabana sauti. Hanks hakufanya hivyo. Walimchukua David Moscow, yule kijana anayecheza Josh mdogo, wakamwigizisha maeneo ya Josh mkubwa, Hanks akakaa anamtazama anavyotembea na anavyoshika vitu. Matokeo yake ni yale mabega, ile mikono isiyojua ikae wapi, ule utii wa mtoto aliyezoea kuambiwa nini cha kufanya. Mtazame kwenye usaili wa kazi. Hadanganyi kwa ujanja, anajibu maswali kama mtu aliyesimamishwa na mwalimu.

Na ile karamu! Anatokea na suti nyeupe inayometameta, wakubwa wote wamevaa nyeusi. Anaonja mayai ya samaki ya bei mbaya, anayatema, anafuta ulimi kwa kitambaa. Kisha anachukua muhindi mchanga, ule mdogo kama kidole unaoliwa mzima, anaushika ncha mbili na kuutafuna kwa mistari kama muhindi wa kuchoma. Hapa hata mtafsiri wetu alinyamaza maana hapakuwa na cha kutafsiri. Kila mtu mle chumbani alijua muhindi unaliwaje. Nimeirudia mara nne au tano na bado nacheka palepale.

Kinanda cha miguu, kile kikubwa cha sakafuni wanachokipiga kwa kukanyaga, kila mtu anakitaja, sina la kuongeza ila moja. Yule mzee anayekipiga naye, Robert Loggia, ndani ya picha ndiye mwenye kampuni ya midoli, na wacheza ngoma wa kuwaigizia walikuwa wameandaliwa lakini yeye na Hanks wakacheza wenyewe. Inaonekana. Mzee anahema kwa kweli pale.

Tukija kwenye kazi, wengi wanapenda kile kikao ambapo mkubwa mmoja anaonyesha mdoli wa jengo linalogeuka roboti, ana chati na takwimu, na Josh ananyoosha mkono kusema haelewi, kuna raha gani kucheza na jengo? Watu wa biashara huko mitandaoni wanakitumia kama somo: msikilize mteja wako. Sawa. Lakini mimi nilikaa dukani miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje kuhusu kitu chochote, kwa hiyo hapo ndipo picha inaponipotea kidogo. Mtoto anapewa ofisi na cheo cha makamu wa rais kwa sababu anapenda midoli! Huo ni uongo mtamu, na wala siuchukii, ila usiniambie ni somo la biashara.

Kinachoniingia zaidi ni mshahara. Josh anapokea dola 187 za kwanza, anashangilia, na jamaa wa meza ya jirani anadhani analalamika, anamwambia ndiyo, wanatunyonya kweli hawa. Benki anaulizwa anazitakaje, anaomba noti moja ya 100, na 87 za moja moja, na senti zake. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa shilingi 12,000. Nilizihesabu stoo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikatuma 8,000 nyumbani kupitia konda wa basi, nikanywa soda tatu mfululizo nimesimama pale pale dirishani kwa muuzaji. Sikujua kwamba 12,000 ni kidogo. Nilikuja kujua nilipoacha kuwa mtoto.

Sasa mkeo. Mkuu, mkeo ana haki, na wanaomjibu "ni muvi tu" wanakwepa. Picha inamleta Susan, mwanamke anayefanya naye kazi, anavutiwa na Josh kwa sababu hana hila kama wanaume wengine pale ofisini, na mapenzi yanafika hadi chumbani. Hayaonyeshwi, lakini yanaeleweka. Susan hajui, na Josh ni mtoto. Mwaka 1988 watazamaji wengi walilipita hilo wakicheka. Leo halipitiki, na mimi nikiwa na binti wa miaka 12 nyumbani siwezi kujifanya halipo. Geuza tu: msichana wa miaka 12 ndani ya mwili wa mwanamke, na mwanamume wa ofisini. Nani angecheka? Elizabeth Perkins anaigiza vizuri sana, kwa hiyo kosa nawawekea waandishi. Josh angeweza kukua kwa njia nyingine, hasa kwa kuwa picha yenyewe imeshaonyesha anavyoharibika: anaanza kuvaa tai vizuri, anabaki kazini hadi usiku, anamwambia Billy hana nafasi. Hapo Billy anamkumbusha yeye ni nani, na ugomvi wao una uzito kuliko mapenzi yote yale. Billy ndiye rafiki ambaye kila mmoja wetu angemhitaji mjini.

Lakini kuna jambo mke wangu aliliona ambalo hakuna aliyeligusa kwenye uzi huu. Tuliiangalia pamoja mwaka jana, yeye, mimi na binti. Katikati, wakati Josh anarukaruka kwenye trampolini ndani ya nyumba yake mpya, mke wangu akauliza, "Huyo mama analala?"

Fikiria. Mtoto amepotea wiki kadhaa. Mama, anayeigizwa na Mercedes Ruehl, anadhani yuko mikononi mwa mtekaji. Tunamsikia kwenye simu, Josh akijitia mtekaji mwema, na mama anataka uthibitisho kwamba mwanawe yu hai, anauliza wimbo aliokuwa akimwimbia zamani. Josh anaimba mwenyewe kidogo. Eneo linaisha, tunarudi kwenye midoli. Mwongozaji ni mwanamke, mmoja wa waandishi ni mwanamke, na bado kamera haikurudi nyumbani kukaa na yule mama hata usiku mmoja. Najua sababu. Wangerudi, kicheko kingekufa. Lakini mke wangu tangu hapo hakucheka tena, na nilimwelewa, kwa sababu mama yangu naye alikaa wiki tatu kabla ya kupata habari kwamba nimefika salama. Konda wa kwanza alisahau salamu. Mama alikuja kuniambia hayo nikiwa tayari nina familia, tena kwa kupitia tu, tukichambua mchele.

Kuhusu mwisho: kuna uvumi kwamba lipo toleo ambamo Susan naye anageuka mtoto akaingia darasani kwa kina Josh. Wapo wanaoapa wameliona. Halipo, acheni kulitafuta. Mwisho wenyewe ni Josh kumwomba Susan waende wote, na Susan kukataa kwa kuwa ameshapita utoto mara moja na ulikuwa mgumu vya kutosha. Anampeleka nyumbani kwa gari. Josh anapunguka ndani ya suti hadi mikono inamezwa na mikono ya koti. Kisha tunamsikia mama yake anapiga kelele ndani.

Ushauri wangu kwa mleta mada: kama watoto wako wako chini ya miaka kumi, iache kwanza, watachoka na utakuwa unaruka maeneo kwa rimoti. Kama ni wakubwa, iangalieni pamoja, ila mliseme na hilo la Susan waziwazi, msilipitie kimyakimya.

Binti yangu baada ya picha hakuuliza habari ya Susan, wala ya mashine. Aliuliza, "Baba, wewe siku ya kwanza Dar ulilala wapi?" Nikamwambia kwenye marobota ya vitambaa, laini kuliko kitanda chako. Akanitazama.

"Ulilia?"

Nikamwambia hebu rudisha nyuma kidogo, pale kwenye kinanda.