Mchezo wa baba kwenye laptopu mpya

SWALI: Yaya, nimenakili Prince of Persia ya 1990 kutoka kompyuta kuukuu ya baba. Laptopu yangu ya Windows 10 inakataa kuufungua. Faili zimeharibika?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Sidhani, mdogo wangu. Mchezo huo ni wa DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Ni programu ya biti 16, aina ya zamani, na Windows ya biti 64, ambayo huenda ndiyo yako, haiendeshi programu hizo kabisa. Pakua DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ni ya bure, tena nyepesi, haitamaliza megabaiti zako. Weka faili kwenye folda C:\prince, fungua DOSBox, andika:

mount c c:\prince
c:
prince

Mchezo ukienda mbio mno, bonyeza Ctrl na F11. Ukizubaa, Ctrl na F12. Ila nakala ya baba, tafadhali, iweke kwenye flashi leo hii. Hapa Goma umeme ukikatika ghafla, diski kuukuu hufa, na picha za familia hufa nazo.