Mmeuliza: anayesikiliza simu yako, yeye anaangaliwa na nani?

Niliandika juzi kuhusu yule mama wa buibui aliyemwagiwa mkoba wote mezani na walinzi mlangoni mwa supamaketi moja, hadi vidonge vya presha na pampasi za mjukuu, huku mimi na begi langu la laptopu nikipitishwa kwa "karibu bosi". Meseji zimejaa, za ukaguzi na za kunaswa simu. Za matusi nimeziacha, hizi ndizo zinajibika.

Serikali inaweza kunisikiliza kwa simu bila mimi kujua? (Islii)

Inaweza, na huwezi kujua, kwani nani anakunasa halafu akupigie kukuambia. Uliza ruhusa ametoa nani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ugaidi ya 2012, kifungu cha 36, inataka polisi wa cheo cha chifu inspekta kwenda juu aombe amri Mahakama Kuu kwanza. Hiyo sina neno nayo. Lakini likaja shambulio la duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wakauawa, likaja la Mpeketoni, Lamu, 2014, na Desemba ya mwaka huo bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu, waheshimiwa wakirushiana makaratasi na maji, na humo ndani kikaingizwa kifungu cha 36A: vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, utaratibu apange waziri na bunge liidhinishe. Upinzani ukaenda kortini. Februari 2015 majaji wakafuta vifungu vinane, kikiwemo kile cha kusema wakimbizi wasizidi 150,000, ila hiki cha kunasa simu wakakiacha. Kwa hivyo kipo mpaka leo, na mimi hapo ndipo nina shida, ningependa jaji atajwe kwenye 36A waziwazi kama alivyotajwa kwenye 36.

Kama huna la kuficha unaogopa nini? (Nakuru)

Kaka, choo chako kina mlango na hakuna uhalifu unafanyika humo. Halafu waulize watu wa Islii, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, wa Aprili 2014, ile operesheni ya polisi ya Usalama Watch, walibebwa kwa maelfu, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani, na wengi wao walikuwa na vitambulisho mfukoni. Hawakuwa na la kuficha pia.

Si afadhali kusikilizwa kuliko kulipuliwa? Mimi nilipoteza mtu Garissa. (Hakutaka kutajwa)

Pole sana dadangu, na sitakubishia kwa wepesi kwa sababu wewe umelipa bei ambayo mimi sijalipa. Nakwambia tu ninachokiona. Aprili 2, 2015 wanafunzi na wengine, jumla 148, waliuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, na kabla ya hapo onyo lilikuwa limeshatolewa kwamba vyuo vinaweza kushambuliwa. Shambulio lilianza alfajiri, kikosi maalum cha polisi cha Recce kilichomaliza ile kazi kilifika mchana, jioni ndio ikaisha. Habari walikuwa nazo, gari na ndege ya kumfikisha askari ndizo zilichelewa. Kwa hivyo mtu akija kuniambia tungeokolewa na kunasa simu zaidi namuuliza zile habari za Garissa zilifanyiwa nini. Nikubali pia upande wa pili: hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, watu 21 waliuawa, na wapelelezi walifuata nyayo za simu na pesa zilizotumwa kwa simu hadi wakashika washukiwa. Hiyo ni kazi nzuri, mshukiwa anajulikana na unamfuata yeye. Sio wote tufuatwe tukingoja mmoja afanane na gaidi.

Mbona kila jengo la mjini naandika namba ya kitambulisho na ya simu kwa daftari? (Mombasa)

Hili ndilo linaniudhi kuliko lile la majasusi. Daftari limefunguka mezani, kalamu imefungwa kwa uzi, unaandika jina, kitambulisho, simu, unaenda ofisi gani, na huku unasoma wa juu yako wote, na wa nyuma yako atakusoma wewe. Mpwa wangu aliandika hivyo asubuhi, saa nane mchana akapata meseji, "mambo mrembo, ni yule soja wa geti". Gaidi yeye ataandika jina lolote na hakuna wa kuhakikisha, mlinzi mwenyewe anaangalia simu. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na kamishna wake yupo, inasema taarifa zichukuliwe kwa sababu maalum na zitunzwe vizuri. Uliza daftari likijaa linaenda wapi. Mimi niliuliza geti moja, nikaambiwa linafungia mandazi pale kibandani.

Polisi wa kizuizi cha barabarani akisema "toa simu nione WhatsApp" nifanye nini? (Kilifi)

Usibishane na mtu wa bunduki usiku, hilo la kwanza. Katiba kifungu cha 31 inalinda mali yako na mawasiliano yako, kwa hivyo muulize kwa heshima, "afande, ni kwa kosa gani?" na ushike jina na kituo chake. Ukikamatwa lazima uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa, unaruhusiwa kunyamaza na kupata wakili, na kwa kawaida ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Na weka namba ya wakili au ya mzee wa familia kichwani, maana simu yenyewe ndiyo itakuwa mkononi mwa afande.