Re: Wanafunzi wamerudi Gede, wote wanasimulia yaleyale

Salaam mwalimu. Umesema gredi ya nne walirudi kutoka magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, na kila anayesimama mbele ya darasa anasema: tulipanda basi, tukaona magofu, tukala. Kwanza angalia uliwapa kazi gani kabla ya kuondoka. Mimi hapa Malindi hugawa vikundi: hawa visima, wale msikiti mkuu, wengine lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wachore, wapime kwa hatua, wamuulize mwongozaji swali lao wenyewe. Na kama kima aliwapokonya ndizi (hawakosi!), waanze na hilo, ndimi zitafunguka. Hao waliokwisharudi, usiwaulize "safari ilikuwaje"; uliza kisima kilikuwaje. Gredi ya kwanza sijajaribu nao.