Anayeuhubiria moyo wake mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mshairi wa dini ana falsafa yake, au anahubiri tu aliyoyakuta kitabuni? Nitajibu kwa utenzi mmoja, Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kale katika pwani ya Kenya, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni utenzi wa dini kwelikweli: unaanza kwa kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, na mbele huko unaorodhesha majina ya moto wa Jahannamu. Hata hivyo sijaona utungo wa Kiswahili unaomhoji binadamu kwa undani kuliko huu.

Mhubiri huwageukia watu. Sayyid Abdallah anaugeukia moyo wake. "Moyo wangu nini huitabiri," anauuliza. Yaani, mbona huzingatii? Anauambia: tuseme u mwelevu, unajua kuchagua, basi hujui kuwa dunia ina ghururi, yaani udanganyifu? Swali hili ndilo linalonishika. Moyo wa sharifu huyu haukukosa elimu. Kama unajua, kwa nini hauachi? Hapo mafundisho yamefika mwisho wake, maana huwezi kumfundisha mtu jambo analolijua. Kilichobaki ni kuuchukua moyo ukajionee.

Basi anauonyesha dunia kama kisima chenye ng'ombe mkali pembeni. Anayekiendea kwa pupa hupigwa pembe, na maji asiyanywe. Tazameni ubeti huo ulivyo makini. Maji hayaitwi sumu, wala kiu haiitwi dhambi. Pupa ndiyo inayotajwa.

Kisha anauingiza moyo katika majumba ya matajiri wa Pate, mji uliokuwa umeanza kuporomoka. Kwanza tunayaona yakiwaka taa za kioo na za shaba hata usiku ukawa kama mchana, na vyombo vya Kichina vya kuteua vimepangwa. Halafu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni
Bumu hukoroma kati nyumbani
Zisiji na koti waikaliye

Madaka ni vile vishubaka vya ukutani vilivyojengwa kwa ajili ya sahani. Sasa wamelala humo makinda ya ndege, bundi anakoroma katikati ya nyumba, na ndege wengine, zisiji na koti, wamekaa humo. Hakuna aya iliyotajwa hapa, hakuna amri wala kitisho. Hoja yote imo katika kishubaka kimoja kilichobadilisha wakazi.

Wapo wanaosema huku ni kuikana dunia tu. Mimi sikubali. Anayeichukia dunia hazikumbuki taa zake kwa mapenzi namna ile, wala hajui sahani zilikaa wapi. Mshairi anaililia nyumba anayouonya moyo wake usiipende, na mvutano huo hakuufunika. Anapowauliza waliokufa wamekwenda wapi, anawaita kwa majina, na mmoja wao ni Ali bin Nasir, jina lile lile la baba yake. Huyu haangalii maiti za wengine kwa mbali. Kwangu, hapo imani na fikra zimekuwa kitu kimoja: imani inampa hakika kwamba dunia hupita, fikra inamlazimisha akiri kwamba hakika hiyo haijamwondolea uchungu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ana falsafa, na dini yake ndiyo iliyompa lugha ya kuisemea. Beti za moto nazisoma kwa heshima, ingawa naziona nyepesi kuliko za majumba, kwa sababu pale mshairi anataja mambo ambayo Mwislamu yeyote wa zama zake aliyasikia tangu utotoni. Ombi langu kwa walimu wanaoufundisha utenzi huu: msikimbilie Jahannamu. Anzeni na taa, mkae nazo, wanafunzi wazitamani kwanza. Bundi atakuja kwa wakati wake.

Msomaji wenu