Mjomba, shamba la Urambo usiliuze kwanza

Shikamoo mjomba. Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Unasema binti yako amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na ameona mtandaoni kwamba huku Australia mtu anasoma sheria na saikolojia kwa pamoja, anatoka na shahada mbili kwa mkupuo. Unauliza uuze shamba la Urambo umlete Brisbane nilipo mimi, au usiuze. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaouliza ni wengi. Tangu nilipoweka ile picha nimevaa suti, siku ya mashindano ya kuigiza mahakama, watu wa Isevya na Ng'ambo, mitaa yetu ya Tabora, wananiita wakili, nami nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza. Mimi si wakili, wala si mwanasaikolojia. Niko mwaka wa tano, bado nasoma.

Shahada hii ya pamoja huchukua miaka 5 hivi, pengine 6. Upande wa sheria kuna maeneo 11 ya lazima: mikataba, jinai, mali, ushahidi, katiba na mengineyo. Ukiyamaliza yote, bado kuna mafunzo ya vitendo, halafu ndipo unaomba kuapishwa katika mahakama ya juu ya jimbo. Upande wa saikolojia ndiko watu wanakodanganyika zaidi. Miaka 3 ni ya msingi tu. Unahitaji mwaka wa nne wa utafiti, na baada ya hapo, kwa kawaida, uzamili wa miaka 2, ndipo usajiliwe kumhudumia mtu. Kwa hiyo binti anaweza kukaa huku miaka 5, akapanda jukwaani na joho, na bado asiruhusiwe kusimama kortini wala kumtibu mtu yeyote. Akirudi nyumbani, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watataka kuitambua shahada yake, na kama anataka uwakili atapita Shule ya Sheria pale Dar es Salaam kama wenzake waliosoma hapo hapo nchini. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ataisoma peke yake, maana huku hakuna wa kumfundisha, na wewe unajua kwetu watu wanagombania nini.

Pesa nisikufiche. Kabla ya viza wanataka uoneshe una dola za Australia 29,710 za kujikimu mwaka mmoja. Ndicho kiwango kilichowekwa Mei 2024, na ada na nauli haziko humo. Bima ya afya ni lazima. Wenyeji wanasoma kwa mkopo wa serikali unaokatwa kidogo kidogo wakishaanza kazi, sisi wageni tunalipa kabla muhula haujaanza. Muhula ukiendelea, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuzidisha saa 48 za kazi kwa wiki mbili. Mimi nalea wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ni kazi ya heshima na naifanya kwa moyo, ila ada hailipi. Ada wamelipa mama, kaka na mkopo ambao mpaka leo unamnyima kaka yangu usingizi. Ofisi moja ya mawakili niliyoomba nijifunze kazi wakati wa likizo iliniuliza jambo moja tu, aina ya viza yangu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na saikolojia yenyewe, mwambie binti, ni takwimu. Sisi tuliotoka michepuo ya sanaa tunafikiri ni kukaa na mtu umsikilize shida zake. Muhula wa kwanza nilikutana na hesabu za uwezekano, na mimi hesabu niliziacha kidato cha nne. Nililia mjomba, usiku, hapa ikiwa saa saba na huko kwenu saa kumi na mbili jioni, nasikia kwenye simu mama anasonga ugali na sitaki ajue.

Sasa nikuambie kwa nini sijaacha.

Unamkumbuka yule kijana wa jirani aliyekamatwa kwa wizi wa usiku, shahidi akasema alimtambua kwa mwanga wa koroboi? Mtaa mzima tuliamini, kwa sababu shahidi alikuwa mama mcha Mungu na aliapa bila kutetereka. Mwaka wa pili hapa tulisoma jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer, la mwaka 1974. Waliwaonesha watu filamu za ajali za magari, wakawauliza mwendo ulikuwa kiasi gani. Wengine waliulizwa magari "yalipogusana", wengine "yalipobamizana". Neno hilo moja lilipandisha mwendo katika majibu yao. Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa neno zito walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu vioo hivyo havikuwepo. Hawakuwa waongo. Swali liliingia kwenye kumbukumbu yao likakaa.

Nilitoka darasani nikiwaza koroboi ile. Usiku nikaitafuta sheria yetu, nikakuta kesi ya Waziri Amani, ambayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliiamua mwaka 1980. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka hakimu apime: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamjua kabla au la. Kumbe swali la kuuliza tulikuwa nalo nyumbani siku zote! Lililopungua ni mtu wa kulisimamia kwenye chumba cha mahakama, akijua sheria inataka nini na macho ya binadamu yanaweza nini.

Kuna na jambo zito zaidi kwetu. Vikongwe. Usukumani na Unyamwezini tumezika bibi wangapi waliouawa wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni? Sheria inauliza nani alishika panga, na lazima iulize. Mimi nataka mtu aulize pia imani ile iliingiaje kichwani mwa kijana wa miaka 20, nani alimpa, na kwa nini msiba mmoja wa mtoto unageuka kuwa hukumu ya bibi. Darasani sheria wananifundisha kuamua: alifanya, hakufanya. Saikolojia wananifundisha kusema kwa kiasi gani tunajua. Hakuna mwalimu anayeziunganisha hizo mbili. Vitivo viwili havisemezani, mitihani inagongana wiki moja, kuunganisha ni kazi yako mwenyewe. Ila pale zinapokutana, mjomba, ndipo naona kazi ya maisha yangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiuze. Aanze sheria nyumbani, aombe Bodi ya Mikopo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sheria, na saikolojia wanayo. Akishaiva, akijua swali lake ni lipi, atafute ufadhili wa uzamili, na fomu nitamsaidia kujaza mimi mwenyewe.

Wakati anasubiri chuo, aende Mahakama Kuu pale Tabora. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Avae kwa staha, azime simu, akae nyuma siku tano mfululizo asikilize mashahidi wanavyohojiwa. Achukue daftari. Kila shahidi akisema "nilimwona", aandike aliulizwa nini kabla ya kusema hivyo.

Jumamosi nitapiga saa tisa alasiri ya kwenu, hapa itakuwa saa nne usiku nimetoka zamu. Simu mpe yeye kwanza, anisomee alichoandika.